Maharagi na Ndugu Zake

Kesho asubuhi ukienda shambani, fanya jambo moja dogo kabla ya kushika jembe. Chuma ganda moja la maharagi mabichi, ulipasue kwa kidole toka ncha hata ncha, ulitazame vizuri. Ganda lina pande mbili. Mbegu zimejipanga mstari mmoja, nazo zote zimeshikamana na mshono mmoja wa ganda, kama watoto walioshika kamba moja. Kisha chuma ganda la kunde, ulipasue vilevile. Halafu la mbaazi, na la soja. Ukirudi nyumbani, tazama ganda bapa la lusina, ule mti unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba ili mbuzi wapate majani. Lipasue nalo. Utaona ujenzi ni ule ule. Hata karanga, ambayo imejificha chini ya udongo, ukiivunja unakuta mbegu zake zimelala mstari mmoja ndani ya ganda moja.

Jambo hili halikutokea ovyo. Mimea hiyo yote ni jamaa moja. Wenye elimu ya mimea wanaita jamaa hii kwa majina mawili ya Kilatini, Leguminosae na Fabaceae, na majina yote mawili ni halali. Sisi tutasema tu jamaa ya kunde. Ndani yake mna aina zipatazo 19,500. Katika mimea yote inayotoa maua, jamaa mbili tu zinaizidi kwa wingi wa aina: jamaa ya okidi na jamaa ya alizeti.

Labda unauliza, Kwa nini kitabu cha hospitali kinatufundisha habari za maganda? Nitakujibu mara moja. Katika jamaa hii kimetoka chakula kinachosaidia kumlinda mtoto asipate bwaki. Na katika jamaa hii hii imetoka sumu ambayo mtu akiinywa asubuhi anaweza kuzikwa kabla ya jua kushuka. Chakula na sumu ni ndugu wa tumbo moja. Mama anayejua jinsi ndugu hawa walivyotokea na jinsi wanavyotambulikana ataweza kulima vizuri zaidi, kupika vizuri zaidi, na kumwonya mtoto wake kwa sababu anayoifahamu.

Jinsi ya kutambua ndugu

Watu wengi wanapanga mimea kwa ukubwa wake. Wanasema, huu ni mti, huu ni mmea wa kutambaa, hizi ni nyasi. Kwa kazi ya kutafuta kuni mpango huo unatosha. Lakini kwa kujua udugu haufai hata kidogo. Wewe mwenyewe unajua kwamba katika nyumba moja mtoto mmoja huwa mrefu na mwingine mfupi, na bado wote ni watoto wa baba mmoja. Kwa mimea ni vivyo hivyo. Jani linadanganya, na ukubwa unadanganya zaidi. Ua na tunda havidanganyi upesi.

Tazama basi ua la maharagi. Lina petali tano, yaani yale majani laini yenye rangi. Moja ni pana, limesimama juu kama bendera. Mawili yako kando, huku na huku, kama mabawa. Mawili ya chini yameungana yakawa kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo ua limeficha viungo vyake vya uzazi. Nyuki akitua juu ya mabawa, mtumbwi unashuka, na unga wa ua unampaka mwilini. Watu wa zamani waliona ua hili limefanana na kipepeo, kwa hiyo kundi lote lenye ua la namna hii liliitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya kipepeo.

Sasa tazama kifaurongo, ule mmea wenye miiba unaokunja majani ukiguswa, ambao watoto wanapenda kuuchezea njiani. Ua lake halifanani na kipepeo. Ni kama kitufe cha nyuzi za rangi ya waridi, na kwa kweli kitufe hicho ni maua mengi madogo yaliyokusanyika. Lakini tazama tunda lake: ni ganda. Basi naye ni wa jamaa. Tena kuna miti na vichaka vyenye maua ya manjano, petali tano ambazo karibu zinalingana, si kipepeo wala kitufe. Nayo ina maganda.

Kwa sababu hii wataalamu waliigawa jamaa katika milango mitatu: mlango wa kipepeo, mlango wa kitufe, na mlango wa hao waliobaki. George Bentham wa Uingereza aliwaandika hivyo katika kitabu kikubwa cha mwaka 1865, na wanafunzi wa mimea duniani pote wakajifunza hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Kosa lilikuwa katika mlango ule wa tatu. Fikiri siku ya kupima watoto hospitalini. Mwuguzi anasema, watu wa kijiji cha mtoni wakae benchi hili, watu wa kijiji cha mlimani wakae benchi lile, na wengine wote wakae benchi la tatu. Je, wale wa benchi la tatu ni kijiji kimoja? Hapana. Wamekaa pamoja kwa sababu tu hawakuwa wa mtoni wala wa mlimani. Mlango wa tatu wa jamaa ya kunde ulikuwa benchi la namna hiyo.

Jambo hili lilionekana wazi watu walipoanza kusoma ADN, yaani yale maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya jani, ambayo mmea unapokea kutoka kwa wazazi wake na kuyapitisha kwa mbegu zake. Kila kizazi kinanakili maagizo hayo, na mara kwa mara herufi moja inabadilika. Ndugu wa karibu wana mabadiliko machache kati yao, ndugu wa mbali wana mengi. Wataalamu wa nchi nyingi walikusanyika, wakalinganisha sehemu moja ya maagizo hayo katika aina zaidi ya 3,600, na mwaka 2017 wakatangaza mpango mpya. Milango si mitatu tena. Ni sita.

Mlango mkubwa kuliko yote ni ule wa kipepeo, Papilionoideae, wenye aina kama 14,000. Maharagi, kunde, karanga, njugu mawe, mbaazi na soja, zote zimo humo. Lakini humo pia umo mti wa wenge wa misitu yetu, ambao mbao zake nyeusi zinauzwa mbali. Tazama ajabu hii: wenge mrefu ni ndugu wa karibu zaidi wa maharagi yako kuliko miti mingi ya jamaa hii inayosimama kando yake msituni. Ua lake la zambarau linasema kweli, ni kipepeo. Mlango wa pili, Caesalpinioideae, una aina kama 4,400, na kifaurongo na lusina wameingizwa humo pamoja na mingi ya ile miti yenye maua ya manjano. Mlango wa kitufe haukufutwa kama udugu, ila umeonekana kuwa tawi ndani ya nyumba hii ya pili.

Mlango wa tatu, Detarioideae, una aina kama 760, na sisi watu wa Kongo tunaufahamu kwa macho hata kama hatukulijua jina. Mbau wa Ituri ni wa mlango huu, mti ule ambao mahali pengine unajaza msitu karibu peke yake, wenye mbegu nzito. Miti ya miombo ya Katanga ni ya mlango huu pia. Milango mingine mitatu ni midogo. Mmoja wao una majani yaliyogawanyika kama ukwato wa ng'ombe. Mwingine una aina moja tu, mmea mmoja wa kutambaa wa misitu ya Afrika ya magharibi na ya kati, nao unahesabiwa kuwa mlango kamili peke yake.

Jamaa hii ni ya zamani gani

Maagizo ya urithi hayasemi udugu tu. Yanaonyesha pia kwamba milango hii sita iliachana karibu wakati mmoja, mwanzoni kabisa mwa jamaa, kama watoto sita waliotoka nyumbani kwa baba yao siku moja, kila mmoja na njia yake. Kwa hiyo ni kazi ngumu kusema nani alitangulia.

Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya majani na maganda yaliyogeuka mawe, yaliyochimbwa Corral Bluffs katika jimbo la Colorado, Marekani. Umri wake ni kama miaka milioni 65. Hayo yalikua miaka kama 700,000 tu baada ya jiwe kubwa kutoka angani kuipiga dunia na wanyama wengi wakubwa kufa. Misitu iliharibika, nafasi ikawa tupu, na jamaa hii ikawa miongoni mwa mimea iliyoingia katika nafasi hiyo. Hesabu hizi ni kubwa hata kichwa kinachoka. Nami nazisoma polepole.

Ushahidi mwingine uko karibu nasi zaidi. Mahali panapoitwa Mahenge, katika sehemu ya Singida nchini Tanzania, palikuwa na ziwa dogo miaka milioni 46 iliyopita, na matope ya ziwa hilo yalihifadhi majani. Wachunguzi waliyasoma na mwaka 2000 wakaandika kwamba mengine ni ya kundi moja la miti ambalo leo linaishi katika misitu ya mvua ya Afrika ya magharibi na ya kati, kundi la mlango ule wa mbau. Singida ya leo ni nchi kavu. Zamani ndugu za miti ya msitu wetu walisimama huko, kisha mvua ikapungua, na ile isiyoweza kuvumilia ukame ikatoweka mahali pale. Mimea ya nchi haikai ile ile milele. Inayofaa kwa hali ya mahali inazaa, isiyofaa inapungua, na baada ya vizazi vingi sura ya jamaa nzima imebadilika. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa mageuzi.

Kitu chekundu katika mizizi

Badiliko moja limeipa jamaa hii nguvu kuliko mengine yote, nalo limefichwa chini ya ardhi. Ng'oa mche wa maharagi au wa kunde ulioanza kutoa maua. Usiuvute kwa nguvu. Chimba kwa jembe kando yake, uuinue pamoja na udongo, kisha uukung'ute polepole ndani ya maji. Juu ya mizizi utaona vinundu vidogo kama vichwa vya viberiti. Watu wengine wakiviona wanafikiri ni ugonjwa. Si ugonjwa. Kata kinundu kimoja kwa ukucha. Kama ndani yake ni pekundu au pa waridi, furahi.

Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, karibu 78 katika kila 100, ni nitrojeni. Kila kiumbe kinaihitaji ili kujenga mwili, lakini ikiwa hewani sisi hatuwezi kuitumia. Inaingia puani na kutoka. Mihogo haiwezi kuitumia, mahindi hayawezi. Lakini vijidudu fulani vya udongo vinaweza. Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, wachunguzi wa Ujerumani, walionyesha mwaka 1886 kwamba mimea ya jamaa ya kunde inapata nitrojeni ya hewa kwa njia ya vinundu hivi. Miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga vijidudu wenyewe. Mzizi unaviita kwa kemikali unayoitoa, unavipa nyumba na sukari, navyo vinaulipa kwa nitrojeni.

Lakini vijidudu hivi haviwezi kufanya kazi mahali penye oksijeni nyingi, na bado vinahitaji oksijeni kidogo ya kupumua. Kwa hiyo mmea unatengeneza ndani ya kinundu kitu chekundu kinachoshika oksijeni na kuigawa kwa kiasi. Kitu hicho ni ndugu wa kile chekundu kilicho katika damu yako, kinachobeba oksijeni kutoka mapafu hata vidole vya miguu. Mimi nimefanya kazi ya kupima damu miaka mingi, na jambo hili linanishangaza hata leo. Lakini usiwape watoto waliopungukiwa damu mizizi ya maharagi. Rangi peke yake si dawa.

Kinundu chenye rangi nyeupe ndani bado hakijaanza kazi au hakiwezi kazi. Cha kijani kimezeeka. Ujue pia kwamba ndugu wote hawana kipawa hiki sawasawa. Milango ile miwili mikubwa ndiyo yenye vinundu, tena si aina zake zote. Mbau na miombo hawana. Wao walishika njia nyingine, wakafanya urafiki na uyoga unaofunika ncha za mizizi yao. Akina mama wa Katanga wanaookota uyoga chini ya miombo wakati wa mvua wanakula faida ya urafiki huo. Hata kati ya mimea ya sufuria kuna tofauti. Kunde na soja ni wafanyakazi wazuri. Maharagi ni mvivu kidogo, hasa katika udongo uliochoka, kwa hiyo usifikiri kwamba maharagi peke yake yataponya shamba lililokufa. Na wakati wa kuvuna, kata shina, acha mizizi ardhini. Sehemu kubwa ya nitrojeni inaondoka pamoja na mbegu unazobeba nyumbani. Ukiondoa na mizizi na majani, umeacha nini?

Chakula cha mtoto

Sasa unaweza kuelewa kwa nini mbegu hizi zina nguvu. Protini, chakula kinachojenga nyama ya mwili, haitengenezwi bila nitrojeni. Mmea wenye nitrojeni ya kutosha unaweza kuweka protini nyingi katika mbegu. Gramu 100 za mihogo mibichi zina protini gramu moja au zaidi kidogo. Gramu 100 za maharagi makavu zina kama 22. Karanga zina kama 25, na soja kama 36.

Ugonjwa ambao watu wa Bushi wanauita bwaki, daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, na mwaka 1935 akautaja kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor. Jina hilo linahusu mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wewe umekwisha kuona watoto wa namna hii. Miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabanduka, naye amenuna, hataki kucheza. Zamani tulisema ni upungufu wa protini tu. Leo waganga wanasema sababu zake zimechanganyika na zaidi ya moja. Lakini unaonekana hasa mahali ambapo mtoto anakula bukari ya mihogo au ya mahindi siku zote bila kitu kingine, huku magonjwa yakimrudia.

Mtoto aliyekwisha kuvimba mlete hospitalini. Usimshibishe nyumbani kwa nguvu, mwili wake hauwezi kupokea mambo mengi mara moja. Hospitalini ataanzishwa kwa maziwa maalum, kisha atapewa ule unga laini wa karanga katika pakiti, uliochanganywa na unga wa maziwa, sukari, mafuta na vitamini. André Briend, daktari wa Ufaransa, pamoja na Michel Lescanne, waliutengeneza mwaka 1996. Unaona, hata dawa hii ya chakula imetoka katika jamaa yetu.

Na mtoto ambaye hajaugua, akiwa amepita miezi sita, mpe maharagi mapema. Pika hata yawe laini kabisa, uyaponde, uyapitishe katika kichujio ili ngozi ibaki, uchanganye na uji wake na mafuta kidogo. Usingojee nyama. Mawe ya kujengea mwili yanayopungua katika mahindi yamo katika maharagi, na yanayopungua katika maharagi yamo katika mahindi. Vikiliwa pamoja, kimoja kinatimiza kingine. Mume anayesema maharagi ni chakula cha maskini, naye anauza yote sokoni na kununua pombe, asishangae miguu ya mtoto wake ikivimba.

Ndugu wenye sumu

Mmea hauna miguu ya kukimbia. Mbegu iliyojaa chakula inaitwa na kila mdudu na kila panya. Katika vizazi vingi, mbegu zilizokuwa na kitu kichungu au chenye sumu ziliachwa, zikaota, zikazaa nyingine kama zenyewe. Mimea yenye nitrojeni ya kutosha iliweza kuitumia pia kutengeneza silaha, kwa maana nyingi za sumu hizi zimejengwa kwa nitrojeni kama protini ilivyojengwa nayo. Ndiyo maana nilisema chakula na sumu ni ndugu wa tumbo moja.

Utupa unaujua. Watu wanaponda majani yake na kuyatia mtoni, samaki wanaelea. Ua lake ni kipepeo, ganda lake ni kama la maharagi yenye manyoya. Ni wa mlango ule ule wa maharagi. Turituri, ile mbegu nyekundu yenye jicho jeusi ambayo wasichana wanaitunga kuwa ushanga, nayo ni ya mlango huu. Mtoto akiitafuna anaweza kufa. Huko Calabar, nchini Nigeria, kuna mmea wa kutambaa ulio jamaa ya karibu sana ya maharagi, na mbegu zake zilinyweshwa watu walioshitakiwa uchawi. Mwaka 1864 wakemia waliitoa sumu yake safi, fizostigmini, na tangu 1877 waganga wa macho waliitumia kutibu ugonjwa unaoharibu macho kwa kuyakaza ndani.

Kwetu mti wa kazi hiyo mbaya ulikuwa mwavi, ambao watu wa Kongo ya Chini wanauita nkasa. Ni wa mlango wa lusina. Ganda la shina lake lina sumu inayoshika moyo. Aliyetapika upesi aliokoka, watu wakasema hana hatia. Asiyetapika alikufa, wakasema alikuwa mchawi. Mti haujui mwenye hatia. Uliua wale ambao tumbo lao lilishika.

Basi usiseme, mmea huu una ganda kama maharagi, kwa hiyo unaliwa. Ganda linakuambia jamaa tu. Mbegu ambayo wazee wa mahali pako hawaijui kuwa chakula, usiiweke kinywani mwa mtu.

Na maharagi yenyewe hayakuacha silaha zote. Mabichi yana sumu inayoitwa lektini, hasa mekundu. Mbegu nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha baada ya saa chache. Moto unaiharibu, lakini lazima uwe moto kweli. Loweka maharagi tangu jioni, asubuhi umwage maji yale, utie mapya. Yakianza kuchemka, yaache yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi, ndipo upunguze moto na kuendelea hata yawe laini. Najua makala ni ghali. Lakini maharagi yaliyowekwa juu ya moto dhaifu bila kuchemka yanaweza kuwa na sumu zaidi kuliko mabichi. Kuloweka ndiko kunakopunguza makala, si kunyima moto mwanzoni. Soja nayo usiisage mbichi kwa uji wa mtoto. Inazuia tumbo kuisaga protini. Ikaange au uichemshe kwanza. Karanga zenye ukungu zitupe, hata kuku usiwape.

Kazi ya mkono wa mama

Maharagi ya mwitu yanaota hata leo katika nchi ya Meksiko na katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini. Mbegu zake ni ndogo, na ganda likikauka linajisokota na kupasuka kwa kishindo, mbegu zinaruka mbali. Kwa mmea wa mwitu ni jambo zuri, watoto wake wanatawanyika. Kwa mvunaji ni hasara. Watu wa huko, maelfu ya miaka iliyopita, walibeba nyumbani maganda yasiyopasuka, na mbegu zilizokuwa kubwa, wakazipanda. Katika kila mavuno walifanya hivyo tena. Ganda likasahau kupasuka. Jambo hili lilifanyika mara mbili, mahali pawili mbali mbali, Meksiko na Andes. Maharagi yalivuka bahari kuja Afrika baada ya mwaka 1492. Lakini hapa Afrika babu zetu walikuwa wamekwisha kuifanyia kunde kazi ile ile, na njugu mawe pia. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu.

Kazi hiyo haikukoma. Unaifanya wewe kila mavuno, ukijua au usipojua. Mama anayekula mbegu nzuri na kupanda makombo anachagua makombo. Akina mama wengi wa Kivu wanapanda maharagi ya rangi nyingi pamoja katika shamba moja, na watu wengine waliosoma waliwacheka. Waliocheka walikosa. Mvua ikizidi, aina moja inaoza, nyingine inasimama. Ugonjwa ukija, haupati wote. Ukipewa mbegu mpya na watu wa kilimo, zipokee, uzijaribu kando ya shamba, wala usizitupe zile za mama yako.

Siku ya kupiga maharagi, kabla ya kuweka sufuria motoni, tandika mkeka juani. Chagua kutoka miche iliyozaa maganda mengi na ambayo majani yake hayakuwa na madoa. Lakini miche hiyo ulipaswa kuitia alama kwa kamba ilipokuwa ingali shambani, maana juu ya mkeka mbegu zote zinaonekana nzuri. Ondoa zilizotobolewa. Weka kila rangi kidogo. Zikauke hata ukiuma moja jino lisiingie, uzichanganye na majivu, uzifunge katika chombo kisichopitisha hewa, ukiandike juu yake mwezi na mwaka.